Masi ya protoni na hesabu za kimiani

Protoni huundwa na chembe ndogo ziitwazo kwaki, tatu kwa jumla, mbili za aina iitwayo ya juu na moja ya aina iitwayo ya chini, lakini ukijumlisha masi za kwaki hizo unapata takriban megaelektroni-volti 9 tu (kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa masi), ilhali masi ya protoni yenyewe ni 938. Karibu yote iliyobaki ni nishati ya kwaki na gluoni, chembe zinazobeba nguvu ya kuzifunga kwaki, zilizofungwa humo ndani. Wanafizikia waliliamini jambo hilo miaka mingi kabla ya kuweza kulihesabu, kwa sababu nguvu hiyo, iitwayo nguvu kali, ina ukaidi wake: katika umbali wa ukubwa wa protoni, kila sahihisho linalofuata katika hesabu halipungui kuliko lililotangulia, hivyo mbinu inayofaa kwa elektroni hapa haifui dafu.

Mwaka 1974 mwanafizikia Kenneth Wilson alionyesha njia nyingine, nayo ni kuigawa anga pamoja na wakati kuwa kimiani cha nukta. Kwaki hukaa kwenye nukta, na gluoni kwenye viungo vinavyounganisha nukta jirani. Wakati hugeuzwa kihisabati uwe kama upande wa nne wa anga, na kompyuta kuu huzalisha mamia ya mipangilio ya gluoni kwa sampuli za nasibu.

Masi inasomwaje humo? Kwaki tatu huanzishwa katika nukta moja na kupokewa hatua kadhaa za wakati baadaye. Uhusiano kati ya ncha hizo mbili hufifia kwa kasi inayotegemea masi, kwa hiyo ukichukua logi ya uwiano wa hatua mbili zinazofuatana, grafu hushuka kwanza, kwa kuwa chembe nzito zaidi zenye sifa zilezile bado zimechanganyika, kisha hulala tambarare. Tambarare hiyo ndiyo masi. Tatizo ni kwamba kwa protoni kelele za takwimu huimeza grafu mapema, na tambarare yenyewe huwa fupi. Ndiyo maana nisomapo makala ya fani hii hutazama grafu hiyo kabla ya muhtasari.

Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Budapest, Marseille na Wuppertal lilikokotoa masi za protoni na jamaa zake kwa vimiani vya nafasi tatu tofauti, chembamba zaidi kikiwa na takriban femtomita 0.065 kati ya nukta na nukta (femtomita ni sehemu moja ya milioni bilioni ya mita), kisha wakakadiria jibu pale nafasi inapokuwa sifuri. Matokeo yaliafikiana na vipimo.

Binafsi naona kazi ya kundi hilohilo ya 2015 ni nzito zaidi. Humo walikokotoa tofauti ya masi kati ya nyutroni na protoni wakapata megaelektroni-volti 1.51, kwa shaka ya 0.28, ilhali kipimo cha maabara ni 1.29. Chaji ya umeme peke yake ingeifanya protoni iwe nzito kuliko nyutroni, lakini kwaki ya chini huishinda ya juu kwa masi na kugeuza mizani. Kama ingekuwa kinyume, protoni ingeweza kuoza na hidrojeni tunayoijua isingedumu.