Springi za Mjomba

Juzi kwenye foleni ya feri, Likoni, mwanangu ameniuliza mbona gari lililo mbele yetu limechuchumaa nyuma. Nikacheka. Nilikumbuka Peugeot 504 ya Mjomba, mwaka 1993.

Mjomba alikwenda gereji ya jua kali Changamwe kutaka alaimenti tu, yaani magurudumu yapangwe yakae sawa. Usukani ulivuta kushoto, na usiku taa zilimulika makuti ya minazi badala ya barabara. Mimi na mkaza mjomba tulikuwemo, twaenda hitimani. Mjomba alikuwa keshajipa jibu: akalikandamiza buti kwa mikono miwili, akaachia, gari likapanda mara moja likatulia.

"Waona? Nyuma nzima."

"Hapo umepima shoki, mzee, zile za kuzuia gari lisidundedunde. Springi zinazolibeba bado," akasema fundi.

Fundi akalisogeza gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, akatoa futi, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matgadi. Kulia palipungua upana wa vidole viwili. Kisha akachutama, akaushika mkono wangu na kuupitisha nyuma ya tairi. Nje meno yalikuwepo bado. Ndani upara mtupu, nyuzi zachungulia, zanichoma kiganja. Katika 504 ile kila gurudumu la nyuma lajitegemea, akanieleza. Springi ikichoka bodi hushuka, gurudumu hulalia ndani juu, likala ukingo mmoja. Alaimenti akakataa katakata. Springi mpya zikilinyanyua gari, vipimo vyote vitahama, na pesa imeliwa.

"Lakini hii si uzee tu. Wapakia nini, mzee?"

"Mimi? Ni haya mashimo ya barabarani."

Fundi hakubishana. Akainua zulia la buti kutazama kikalio cha springi. Chini yake palijaa makumbi. Mkaza mjomba, aliyeapiwa tangu Ramadhani kwamba biashara ya nazi za Kilifi imekwisha, akaokota kipande kimoja, akakiinua usawa wa pua ya mumewe.

"Na hili nalo ni shimo?"

Springi zilinunuliwa, za mtumba, zote mbili, alaimenti ikafuata. Hitima ilitupita. Fundi alishikilia kwamba alitafuta kutu tu, maana chumvi ya pwani hula vyuma, na hilo ni kweli. Mjomba hakumwamini, mimi hata leo sijaamua. Ila gari lilipoharibika tena, alilipeleka kwa fundi yule yule, na akahakikisha anakwenda peke yake.