Rilei za ndege ya kujijengea: punguza kwanza, halafu pima koili

Mtu akisikia unajenga ndege hapa Nairobi swali la kwanza huwa ni kama kweli itaruka, la pili ni kama KCAA, wale wasimamizi wa usafiri wa anga, wanajua. Fundi wa waya peke yake ndiye huuliza kitu cha maana: rilei utaweka ngapi? (Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole.) Na mi humwambia, chache iwezekanavyo, halafu ananiangalia kama mtu amekosa pesa.

Shida ni kwamba wengi wetu tumejifunza umeme kwa magari, na kwa gari rilei ziko kila mahali, honi iko na yake, taa ziko na zake, feni ya rejeta pia. Gari lina sababu zake manake swichi za dashibodi ni hafifu na waya ni mrefu. Ndege ya viti viwili sio hivyo. Swichi ya togo ya kweli inabeba ampea 10 bila kulalamika na paneli iko hapo mbele ya magoti yako, waya ni mfupi, sasa rilei ya nini? Zamani taa ya kutua ya balbu ya wati 100 ilikuwa inakula kama ampea 7 au 8 na ikiwa baridi inavuta karibu mara kumi ya hiyo kwa kitambo kidogo tu, hapo swichi ilikuwa inaumia kweli. Siku hizi ni LED, swichi inatosha, tuendelee.

Kwa hivyo swali langu kabla sijafika kwa ampea ni hili: hii rilei ikikufa nikiwa juu ya Ngong inaninyima nini? Na ikikataa kuachia je? Manake rilei hufa kwa njia mbili, koili (waya uliozungushwa, unaogeuka sumaku ukipata umeme) ikatike isishike tena, ama pointi (vile vyuma vinavyogusana kupitisha umeme) zishikane zisiachie. Wengi hufikiria ile ya kwanza tu.

Chukua ile rilei ya redio zote, ile watu huweka ili redio zisiguswe wakati wa kupiga stata. Rilei moja, redio zote nyuma yake. Ikikatika koili ukiwa unaingia uwanja wa ndege wa Wilson na kuna ndege zingine kwa foleni, umebaki bubu, na umejiletea mwenyewe. Redio za siku hizi zimetengenezwa zivumilie hizo purukushani za umeme, na kila moja iko na kitufe chake cha kuzima. Ukisisitiza lazima uweke, basi tumia upande wa pointi zinazokaa zimegusana koili ikiwa haina umeme, ili koili ikifa redio zibaki zinawaka.

Sasa mahali rilei haikwepeki ni betri na stata, na hapa ndio pa kukaa kidogo kwa sababu hapa ndio watu huuziwa kitu sio.

Ukienda Kirinyaga Road uulize solenoidi ya volti 12, yaani rilei kubwa ya betri ama stata, utawekewa kwa meza kopo la chuma lenye boliti mbili kubwa na tamino moja ndogo ama mbili. Ukisema unataka ya kukata betri nzima utapewa lile lile. "Bosi, hizi zote ni moja, kazi yake si kushika tu?" Hapana mkubwa, sio moja. Ya stata imeundwa ishike kwa sekunde chache, kwa hivyo koili yake inavuta nguvu sana, ampea 3 hadi 4. Ya betri inashika kuanzia unawasha masta, ile swichi kuu ya umeme, mpaka unazima, saa mbili, tatu, kwa hivyo koili yake lazima iwe ya kudumu, kitu kama ampea moja ama chini ya hapo. Ukiweka ya stata mahali pa betri unaunguza karibu wati 50 ndani ya kopo lililofungwa, ni kama umesahau pasi ya kulehemu ikiwaka nyuma ya paneli. Itashika vizuri ukiijaribu nyumbani kwa dakika mbili. Saa moja hewani ni mambo mengine.

Kwa nje zinafanana, hata rangi. Kwa hivyo beba maltimita yako, usione haya, pima koili hapo hapo kwa kaunta. Ukisoma omu 3, 4, hata 5, hiyo ni ya stata. Ukisoma kama 15 au 16 hiyo ndio ya kukaa imeshika. Ikiwa iko na tamino tatu tu, angalia pia koili imeungwa wapi: ile ya betri ya kawaida kwa ndege koili yake imeshikana ndani na upande wa betri na swichi ya masta inaipeleka ardhini, yaani upande wa hasi, lakini ya stata mara nyingi inapewa chanya kwa tamino ndogo na bodi lenyewe ndio ardhi. Sasa kama ndege yako ni ya mbao ama faiba, bodi hilo haligusi ardhi yoyote, lazima uvute waya, la sivyo utakaa unabonyeza stata na hakuna kitu kinasikika halafu uanze kulaumu betri.

Solenoidi zingine za stata ziko na tamino ndogo ya pili iliyoandikwa I. Kwa magari ya zamani ilikuwa ya kupeleka moto kwa ignisheni. Usiikate. Iunganishe na taa ndogo kwenye paneli, ukiachia stata na hiyo taa bado inawaka ujue pointi zimeshikana na stata bado inazungushwa, zima masta mara moja kabla haijajiua.

Hiyo ya betri pia inakula kila saa unaruka, kumbuka. Rotax 912, injini ya ndege ndogo kama hizi, jenereta yake inatoa kama wati 250 tu ukiwa mzunguko wa juu, kwa hivyo karibu ampea moja ya kushikilia kopo sio kitu cha kupuuza, hasa siku jenereta imekufa na umebaki na betri peke yake. Uzuri ni kwamba ile 912 ya kabureta ignisheni yake inajitegemea, betri ikatike yote na injini inaendelea. Lakini 912iS ya injekta, ama injini ya gari iliyogeuzwa, inataka umeme muda wote, na hapo pampu ya mafuta na kompyuta ya injini kupitia rilei moja mi nakataa kabisa. Tengeneza njia mbili, kila moja na fyuzi yake, hata kama mchoro utakuwa mbaya kuangalia.

Dayodi. Kila koili iwekewe dayodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, 1N4007 inatosha na mtaa wa Luthuli ni shilingi chache. Ukizima koili inarusha volti mia na kitu kurudi nyuma na zote zinaishia kwa pointi za swichi yako, ndio maana swichi za masta hufa mapema. Mstari wa dayodi uangalie upande wa chanya, ukigeuza ni shoti. Rilei zingine za kisanduku zinakuja nayo ndani, na hizo sasa lazima ufuate namba za tamino, 86 ni chanya na 85 ni hasi. Soma mchoro uliochapwa ubavuni, usimsikilize mtu.

Na ukiwa unasoma ubavu soma vizuri. Ikiandikwa 30A 250VAC hiyo ni ya umeme wa nyumba, ambao unapita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche inajizima yenyewe. Umeme wa betri haupiti sifuri, cheche inavutika mpaka pointi zitosheke kuachana. Tafuta namba ya VDC, yaani volti za umeme wa betri, na kama haipo irudishe kwa meza.

Rilei za eks-Japani, zile zilizotumika kutoka magari ya huko, kwa kweli mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Fungua moja kwa bisibisi uone: vitufe viwili vyeupe vya pointi, spring bapa, waya wa koili mwembamba. Ikiwa vitufe vimekuwa vyeusi na vina vishimo, achana nayo. Ile nyepesi mno mkononi, koili yake huwa ina shaba kidogo. Kuna mtu alinishauri nitafute za kufungwa kabisa kwa gesi kwa sababu ya hewa nyembamba, lakini kwa volti 14 na futi elfu kumi hiyo ni pesa ya bure, hata Wilson yenyewe iko juu ya futi 5,500 na magari yote hapa yanatumia za kawaida. Vumbi jekundu la viwanja vya huko nje ndilo adui, kwa hivyo chukua yenye kifuniko kilichobana na uielekeze tamino chini maji yasikae.

Kitu mi na mwenzangu hatujakubaliana bado ni flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Mota inageuzwa na rilei mbili, zote mbili tamino 87a (pointi ya kupumzika) zikiwa ardhini na 87 (ya kushika) zikiwa kwa chanya, mota katikati ya zile 30 (pointi inayosogea), ukiachia kitufe mota inafunga breki yenyewe, safi sana. Mwenzangu anataka swichi za mwisho wa safari, zile flapu hugusa ikifika mwisho, zikate koili, kwa sababu waya ni mwembamba. Mi nasema zikate waya wa mota wenyewe pamoja na dayodi ya kuruhusu mota irudi upande wa pili, kwa sababu pointi zikishikana hata ukate koili mara ngapi mota inasukuma tu mpaka kitu kivunjike. Anasema swichi ndogo hazitabeba ampea za mota, na hapo ana haki, zile tuko nazo hazibebi. Kwa hivyo kwa sasa tunaangalia bei ya swichi kubwa, na pia bei ya lever ya mkono.