Mkuu Alipokaa Nyuma ya Darasa

Mwaka 2016, elimu bila ada ilipofika sekondari, nilikuwa nafundisha kemia katika shule moja ya kata vijijini Singida. Majengo ya maabara tulikuwa nayo. Wananchi walichangishwa Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Ndani, bureti, yaani mirija ya kupimia kimiminika tone kwa tone, zilikuwa nne. Kidato cha tatu kilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini.

Mkuu wetu mpya, mama aliyesomea historia, aliomba kuingia kipindi changu cha vitendo. Nilidhani angekagua andalio la somo, asaini, aondoke. Akakaa nyuma mpaka kengele.

Ofisini akafungua daftari. "Mwalimu, walioshika kifaa ni kumi na mmoja. Wasichana wawili tu. Na wale walioingia kipindi kikiwa nusu walikuwa wapi?"

Walikuwa wanachota maji ya shule. Jambo hilo nilikuwa nimelisema kwenye vikao mpaka nikachoka.

"Mimi kemia siijui," akasema. "Niambie unachokosa, nikakitafute."

Nilikosa muda na vifaa. Dakika 40 hazitoshi kugawa vifaa, kupima, kuandika na kuosha. Wiki hiyohiyo ratiba ikapanguliwa, vipindi viwili vikaunganishwa. Mwalimu wa jiografia alinung'unika, lakini ikapita. Kuchota maji kukahamia jioni, na wavulana nao wakabeba ndoo. Kwa fungu dogo la ruzuku tukanunua mabomba mapya ya sindano duka la dawa, yakawa bureti za kila kikundi. Choya, yale maua mekundu ya juisi, tukaichemsha iwe rangi ya kuonyesha asidi: kwenye maji ya magadi inakuwa kijani, ukidondoshea ndimu ya kutosha inarudi wekundu, na mwanafunzi anasoma mililita alizotumia.

Lakini lililonigusa kuliko yote ni lugha. Mlangoni palikuwa na kibao cha kuagiza Kiingereza tu, na wengi walinyamaza kwa sababu hiyo, wala si kwa kutoelewa. Mkuu alirudi maabara, akaketi na kikundi kimoja na kuwaambia: "Nielezeni kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza cha mtihani tutaandika baadaye." Msichana mmoja, ambaye sauti yake sikuwa naijua, akamshika mkono: "Madam, unasukuma haraka, utapitiliza!" Kisha akamweleza kwa nini tone la mwisho ndilo la kuangaliwa. Alieleza vizuri kabisa, nami nilisimama pembeni nikisikiliza kwa furaha isiyo kifani.

Jioni hiyo mkuu akanikabidhi ufunguo wa kabati la vifaa. Kabla yake ulikaa ofisini, na ukiuomba unaulizwa nani atalipa kitakachovunjika. Yeye alisema, "Kikivunjika, andika kwenye daftari, tutanunua kingine."