Jedwali la mikorosho lilivyonichanganya

Nusura nimwambie mjomba aache kununua salfa, dawa anayopulizia mikorosho. Nilihesabu mikorosho yake 60 kule Newala kwa kazi ya chuo: 40 alikuwa ameipulizia, 20 hakuifikia, salfa ilimwishia. Yenye ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ambao salfa hutumika kuuzuia, ilikuwa 22, na kati yake 12 ni ile iliyopuliziwa. Kumi na mbili kwa 22, karibu asilimia 55. Basi dawa haifanyi kitu!

Mjomba akacheka. "Mpwa wangu, si ndiyo mingi niliyoipulizia?"

Kosa lilikuwa hapo. Niligawanya kwa jumla ya safu wima, yaani mikorosho yote inayoumwa, wakati nilichotaka kujua ni iliyopuliziwa imeumwa kiasi gani. Nikachora upya nyuma ya risiti ya salfa, jumla za safu mlalo pembeni. Iliyopuliziwa: 12 kwa 40, asilimia 30. Isiyopuliziwa: 10 kwa 20, asilimia 50. Namba ni zilezile.

Sasa kabla ya kushika kikokotoo naandika juu ya jedwali: "kati ya nani?" Mwalimu aliipitisha kazi yangu, ila akauliza kama ile 20 yote ilikuwa upande mmoja wa shamba. Ilikuwa bondeni, yote; basi huenda tofauti imetokana na bonde, si salfa peke yake.