Mwezi wa tatu huu ngoma isiwekwe kwenye "burudani"

Ikifika mwezi wa tatu kwetu Temeke unaanza kuona dalili mapema, mafundi cherehani wamejaziwa vitenge vya rangi moja, magrupu ya vikoba kule WhatsApp ni bei ya sare na nani hajamalizia, mtu wa turubai anasumbuliwa apunguze bei, na mabango ya maandamano yanaandikwa usiku kwa maka peni. Nayapenda haya mambo jamani, nayapenda sana. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, mama ntilie, mwalimu, nesi wa zahanati na bibi aliyeuza samaki Feri mpaka miguu ikagoma wanakaa chini ya turubai moja na wanaongelewa wao, maisha yao, siyo maisha ya mtu mwingine.

Ila kuna kitu kinaniuma na leo nakisema. Angalia ratiba za shughuli zetu: dua na sala, utambulisho, risala, nasaha, hotuba ya mgeni rasmi, halafu hapo katikati kamstari kadogo, "burudani, ngoma". Kina mama wanaingia na sare zao, wanacheza dakika chache, MC anawakata, "asanteni sana mama zetu kwa kutuchangamsha", wanatoka jasho linawatiririka hata maji hawajapewa, halafu ndo tunaambiwa sasa turudi kwenye mambo ya msingi.

Mambo ya msingi yalikuwa ni wao! Kwa historia ya mji huu huu wa Dar es Salaam, ngoma ya wanawake ndo ilikuwa ofisi, ndo ilikuwa mkutano, ndo ilikuwa daftari la wanachama. Watoto wetu hawajui hilo kwa sababu sisi wenyewe kwenye sherehe zetu tunaionyesha kama kitu cha kujazia muda wakati mgeni rasmi bado yuko kwenye foleni.

Turudi 1955. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, imezaliwa tarehe 7 Julai 1954, bado changa, hela hakuna, na watumishi wa serikali ya mkoloni wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa, kwa hiyo wanaume wengi waliokuwa na elimu na kazi nzuri walikuwa wanaogopa hata kuonekana karibu na ofisi ya chama, ukipoteza kazi umepoteza nyumba na ada za watoto. Katikati ya mwaka huo akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Ndo hapo jina la Bibi Titi Mohamed likaingia kwenye historia. Mzaliwa wa hapahapa Dar, 1926, kasoma Kurani na shule kidogo tu ya darasani, na mjini kote anajulikana kwa sauti yake, maana alikuwa mwimbaji kwenye kundi la lelemama, ngoma ya wanawake wa Pwani, lililokuwa linaitwa Bomba.

Sasa angalia alichofanya huyu mama. Hakuanzia jukwaani. Alianza kwa kuwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja mmoja, kina mama wenzake ambao walikuwa wanakutana kwenye maharusi na kwenye mashindano ya ngoma, wanajuana kwa majina, wanajuana hadi ugomvi. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake, michango yake, sare yake na watu wake mtaa kwa mtaa, yaani ni kama leo umpate mwenyekiti wa kikoba kinachoaminika, ukishampata yeye umepata na wale wote anaowakopesha, huhitaji kugonga mlango wa kila nyumba. Na wengi wa kina mama hao walikuwa na hela yao mkononi, ya vitumbua, ya maandazi, ya pombe, ya chumba cha kupangisha, kwa hiyo mchango wa kadi ulikuwa unatoka kwenye upindo wa kanga yake mwenyewe, haombi mtu.

Halafu fikiria na hili. Mwanamke wa Kiislamu wa mjini miaka ile, wa ndani, kwenda mkutano wa siasa ilikuwa shughuli nzito, mume atauliza, wifi atauliza, jirani ndo kabisa. Lakini kwenda ngomani? Ruhusa ya ngoma ilikuwepo tayari! Ilikuwepo kabla hata TANU haijafikiriwa. Siasa ikaingia kupitia mlango ambao kina mama walishaufungua wenyewe zamani, na mimi nikilifikiria hili huwa nasisimka kabisa, kwa sababu vitabu vya shule tulivyosoma vilitupa picha ya wanaume waliosoma Makerere wanaoliamsha taifa, na kina mama wanakuja nyuma kupiga vigelegele. Kufika Oktoba 1955, miezi michache tu, wanawake 5,000 walikuwa wamejiandikisha TANU. Elfu tano, bila simu, bila gari la matangazo, na chama chenyewe kina mwaka mmoja na kidogo.

Na hawakuishia kuchukua kadi. Waliuza kadi, wakalaza wageni waliotoka mikoani, wakapika, wakabeba habari kutoka mtaa huu kwenda mtaa ule, na Bibi Titi mwenyewe akazunguka mikoani akihutubia umati. Tatu binti Mzee naye alikuwepo tangu mwanzo kwenye kitengo kile cha wanawake, na jina lake hata kwenye sherehe zetu hulisikii, naliweka hapa makusudi ili mwalimu mmoja anayesoma alipeleke darasani.

Sehemu ya pili ya maisha ya Bibi Titi huwa tunairuka kwenye risala kwa sababu siyo tamu, na mimi naona tukiiruka tunamkosea. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoanzishwa 1962 yeye ndo alikuwa mwenyekiti wa kwanza, akawa naibu waziri. Likaja Azimio la Arusha 1967 ambalo lilikataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, na yeye nyumba alikuwa nazo, akajiuzulu nafasi yake. 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais Nyerere. Ndoa yake ilivunjika katika kipindi hichohicho. Miaka mingi akaishi kimya, na ni kama nchi nzima ilikubaliana kutomtaja, mpaka miaka ya tisini ndo akaanza kukumbukwa tena kama shujaa wa uhuru. Alifariki Novemba 2000 Afrika Kusini alikokuwa anatibiwa. Leo barabara inayopita pale Mnazi Mmoja ina jina lake, na ukiwauliza vijana Bibi Titi ni nani wengi wanakuelekeza njia. Mwanamke aliyejenga chama kwa ngoma, akapanda, akaangushwa, akarudishiwa heshima akiwa mzee. Binti wa miaka kumi na sita anaweza kuibeba hadithi hii nzima bila shida, hatuhitaji kumpa nusu.

Wenzetu Kenya huko Malindi naona wamelishika hili vizuri. Kila mwaka, mara nyingi mwezi wa nane, Wagiriama na Wamijikenda wengine wanamkumbuka Mekatilili wa Menza, yule mama mjane aliyewainua watu wake 1913 wasitoe vijana wao wakawe vibarua na wapagazi wa Mwingereza. Alikuwa anakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, anaanza kucheza, watu wanafuata kijiji kwa kijiji, akifika kwenye mkutano tayari ana umati. Wakamkamata wakampeleka mbali kabisa Kisii, magharibi ya nchi, yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakatoroka wakarudi Pwani kwa miguu. Mwaka 1914 Mwingereza akailipua Kaya Fungo, makazi matakatifu ya Wagiriama msituni, kwa baruti, hapo unaona jinsi alivyokuwa ameogopeshwa. Sasa kwenye kumbukumbu zao kina mama wanavaa hando, sketi zao za asili, wanatembea mjini wakicheza na kuimba hadi kwenye sanamu yake, na msafara wenyewe ndo sherehe, wazee wa kaya wanaongea, ngoma inaongea, na kiongozi wa serikali akija anaikuta imeshaanza. Hicho ndo ninachokitaka na kwetu.

Hata hapahapa Dar mfano upo. Pale Mabibo kwa TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, kwenye zile semina za Jumatano za jinsia na maendeleo na kwenye Tamasha la Jinsia ambalo lilianza 1996, mtu anasimama anaanzisha chagizo na ukumbi mzima unaitikia, halafu mjadala unaendelea palepale wimbo ulipoishia, kuhusu maji, kuhusu bajeti ya zahanati, kuhusu mikopo ya halmashauri. Wimbo unafungua hoja. Nimekaa kwenye vile viti nikaona mama ambaye asingenyanyua mkono hata kwa dawa anaongea baada ya chagizo, sauti ishatoka, woga umepungua, anaendelea tu.

Mwaka jana kwenye kamati ya mtaani nilipendekeza tumuite bibi mmoja jirani yetu ambaye ujana wake alicheza lelemama, aongee na wanafunzi kabla ya risala. Jibu likawa muda hautoshi, mgeni ana ratiba nyingine. Basi nikachukua mabinti kadhaa tukaenda nyumbani kwake barazani. Alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo pembeni, akajifuta mikono kwenye kanga, akaanza kwa kuwapanga mstari, bega kwa bega, akawaambia miguu isikimbie, lelemama ni ya taratibu, kazi iko kwenye mikono na viganja, mnakwenda wote pamoja kama mtu mmoja, mmoja akiharakisha mstari umeharibika. Wale watoto wamezoea kucheza amapiano kila mtu na staili yake, iliwachukua muda. Na yeye akikaa kwenye kigoda anawahadithia huku anawarekebisha, kwamba kundi lilikuwa linakaa vikao kabla ya ngoma, nani ananunua kitambaa, nani hana hela na tumchangie vipi lakini asiaibike, nani kagombana na nani na wapatanishwe kwanza kwa sababu watu walionuniana hawawezi kushika mstari mmoja. Mabinti wakanyamaza. Mmoja akauliza, kwa hiyo bibi nyie mlikuwa kama serikali ya wanafunzi? Bibi akacheka sana, akasema sisi tulikuwa serikali ya wenyewe.

Sasa tukishairudisha ngoma mahali pake, tuongee nini? Mi naanza na ardhi na mirathi, maana ndo inayowaliza kina mama kila siku kwenye vikoba, msiba haujaisha arobaini shemeji yuko mlangoni anauliza hati. Kuna kesi ambayo kila mwanamke nchi hii angepaswa kuijua kwa jina, ya Holaria Pastory wa Kagera. Baba yake alimuachia shamba kwa wosia, uzeeni akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, ndugu wa ukoo Bernardo Ephrahim akaenda mahakamani kusema kwa mila za Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inabagua, inapingana na haki zilizoandikwa kwenye Katiba na mikataba tuliyosaini, na mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kuuza. Baadaye sheria za ardhi za 1999 zikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Bibi mmoja wa kijijini aliyetaka kuuza shamba lake tu! Tungeifanyia hata igizo la dakika ishirini.

Na ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi wakati mvulana ni 18. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alienda Mahakama Kuu kupinga hilo, akashinda 2016, serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema yuko sahihi, vifungu virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ule ukapita bila marekebisho. Tumekuwa na Gertrude Mongella aliyeongoza mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing 1995, tumepata rais mwanamke 2021, tumepata spika, na najivunia wote, kweli kabisa, lakini binti wa darasa la saba anayetolewa mahari hawezi kujifunika kwa majivuno yangu. Hili lisemwe kwenye risala mbele ya mgeni rasmi, kwa adabu zote, lisemwe na binti mwenyewe, na mgeni apewe nakala.

Kwa hiyo mwaka huu tumekubaliana vikoba vitatu hapa mtaani tufanye yetu Jumamosi kabla ya ile kubwa, uwanja wa shule, saa tatu asubuhi kabla jua halijawa kali. Tunaanza na ngoma, siyo kidogo, mpaka mstari ukae sawa. Wazee wanakaa mbele, wageni pembeni yao. Kuna meza ya msaidizi wa sheria wa kata kwa wenye maswali ya mirathi, njooni na karatasi zenu, hata kama ni wosia ulioandikwa kwenye daftari la shule. Mabinti watarekodi kwa simu.

Na ninaomba kitu kwenu mnaosoma, hasa wenye asili ya Kariakoo, Gerezani, Ilala, Temeke, na hata Bagamoyo na Tanga. Kama bibi yako au shangazi alikuwa kwenye kundi la lelemama, muulize leo, usingoje Idi. Muulize jina la kundi, nani alikuwa kiongozi, sare ilikuwa rangi gani, walikuwa wanakutana nyumba ya nani na mtaa upi, na kama kadi ya TANU alikata aliikatia wapi. Mkumbushe kidogo kwa wimbo akisita. Nitumieni, sauti kwa WhatsApp inatosha kabisa, mabinti wameshaanza daftari na kurasa za Gerezani bado ziko tupu.