Nilivyowafundisha watoto wa darasa la pili kufumbua mafumbo ya hesabu

"Mwalimu, nijumlishe au nitoe?" Swali hili nililisikia karibu kila nilipoandika fumbo ubaoni, katika darasa la pili la shule ya msingi ya serikali mkoani Mwanza, na mara nyingi aliyeuliza alikuwa hajamaliza kusoma hata sentensi ya kwanza. Kilichonifikirisha ni kwamba mtoto huyohuyo, akipewa 12 – 5 kwa tarakimu, aliandika 7 bila kusita.

Nilianza kuwaita mezani mmojammoja wakati wenzao wakiandika, nikawapa fumbo hili: Juma alikuwa na machungwa, mama akampa machungwa 5, sasa ana machungwa 12, je, mwanzoni alikuwa na mangapi? Wengi walijibu 17. Nilipowaomba wanisimulie kilichomtokea Juma, walinitajia namba mbili na neno "akampa", ambalo kwao lilikuwa amri ya kujumlisha, lakini habari yenyewe hawakuwa nayo. Wapo pia waliosoma silabi kwa silabi, na hadi wanalifikia swali, mwanzo wa habari ulikuwa umekwisha kuwatoka. Jambo hili si la watoto wetu peke yao. Huko Grenoble, Ufaransa, karibu na mwaka 1980, watafiti waliwauliza watoto wa shule za msingi umri wa nahodha ambaye chomboni mwake mna kondoo 26 na mbuzi 10, na wengi wao walitoa jibu kwa kuzichanganya namba hizo, ingawa habari ile haisemi lolote kuhusu umri wa mtu.

Kwa hiyo niliamua kuziondoa namba. Niliandika tu kwamba Juma alikuwa na machungwa na mama akamwongezea mengine, kisha nikauliza: mwanzoni alikuwa na mengi kuliko sasa, au machache? Pasipo namba, hapakuwa na cha kujumlisha wala cha kutoa, ikawabidi waifuate habari. Mmoja alikuwa Juma, mwingine mama, visoda vikawa machungwa, na darasa zima likatazama kopo la Juma likiongezeka. Namba nilizirudisha pale tu walipokubaliana kwamba machungwa ya mwanzo lazima yawe machache kuliko 12. Hapo mtoto aliyesema 17 alikatazwa na wenzake, si na mimi, na sababu waliieleza wenyewe.

Mafumbo ya kulinganisha yalitaka subira kubwa zaidi. Neema ana visoda 8, navyo ni 3 zaidi ya vya Asha. Asha ana vingapi? Neno "zaidi" liliwavuta kwenye 11 hata baada ya kuielewa vyema habari ya Juma, kwa sababu hapa hakuna kinachotokea: hakuna anayepewa wala anayenyang'anywa, kuna hali mbili tu za kupimwa kwa pamoja. Nilisaidiwa sana na utafiti wa Hudson uliochapishwa Marekani mwaka 1983. Watoto wadogo walioonyeshwa picha ya ndege na minyoo walishindwa kwa wingi kusema ndege wamezidi minyoo kwa wangapi, lakini walipoulizwa ni ndege wangapi watakosa mnyoo endapo kila ndege atakimbilia wake, wengi mno walijibu sawasawa. Nikaanza kuvipanga visoda kwa safu mbili, cha Neema kikikabili cha Asha, na kuuliza ni vingapi havina mwenzake. Kabla ya hesabu yoyote, lilitangulia swali moja: nani ana vingi?

Baadhi ya watoto wangu hulala na kuamka na Kisukuma, na Kiswahili chao ni cha shuleni. Hao niliwaruhusu waisimulie habari kwa Kisukuma kwa jirani yao wa dawati, kisha warudi kuisema kwa Kiswahili mbele ya darasa. Dakika zilizotumika hapo sizioni kuwa zimepotea hata kidogo.

Nilishauriwa kubandika ukutani chati inayosema "jumla" ni kujumlisha na "baki" ni kutoa. Niliikataa, na bado naikataa, kwa kuwa inamfundisha mtoto kuiruka habari, na fumbo la Juma, ambamo "akampa" huvuta kwenye kujumlisha ilhali jibu hupatikana kwa kutoa, linaonyesha hatari ya kutegemea neno moja.

Siku hizi watoto hutunga mafumbo yao wenyewe, ya dagaa, ya madaftari, ya nauli, na anayetunga hulazimika kuwajibu wenzake wanapomwambia kwamba habari yake haiwezekani. Yanayotusumbua bado ni mafumbo ya hatua mbili, kama la mtu aliyenunua madaftari 3 kwa bei moja na kutaka kujua chenji yake. Wengi hupata gharama ya madaftari, kisha hukomea hapo wakidhani wamemaliza. Kwa sasa nawataka waseme kwanza ni nini kilichoulizwa, waliandike swali hilo juu ya ukurasa, na kila wapatapo namba warudi kulisoma.