"Mungu Ana Hekima Yake"

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumpa pole rafiki aliyefiwa na mtoto, na nilipokosa la kusema nikasema lile ambalo wengi wetu tunalo mdomoni tayari: "Mungu ana hekima yake." Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza bila ukali wowote, "Hekima gani hiyo?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitumia neno zito mno kana kwamba ni kifuniko cha kufunikia kilio chake, na tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia katika Maandiko na katika mafundisho ya Kanisa ili nijue nilisema nini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba hekima ya Mungu ni wingi wa maarifa tu, yaani kwamba Mungu anazo sababu zote mahali fulani na ametunyima sisi nakala. Sura ya 28 ya kitabu cha Ayubu iliniondoa hapo. Inaanza na wachimba migodi, watu wanaoning'inia gizani mbali na makao ya wanadamu wakitafuta fedha na yakuti, katika njia ambayo hata jicho la ndege mkali halijaiona, kisha ghafla inauliza, "Bali hekima itapatikana wapi?" Kilindi kinasema haimo ndani yake, bahari inasema haiko kwake, na dhahabu ya Ofiri haitoshi kuinunua. Mwanadamu aliyeweza kupindua milima hadi mizizini hawezi kuichimbua hekima, kwa sababu haikuzikwa popote. Mungu peke yake ndiye aijuaye njia yake, na mwanadamu anaachiwa neno moja tu: kumcha Bwana ndiyo hekima. Ayubu hapewi maelezo ya msiba wake hata pale Mungu anaposema naye kutoka katika upepo wa kisulisuli, na nadhani wahubiri wengi hulipita jambo hilo upesi mno.

Mithali sura ya 8 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa humo Hekima yenyewe inanena kama mtu. Inasema ilikuwapo kabla ya milima na chemchemi, na Mungu alipoiweka misingi ya nchi ilikuwa pamoja naye "kama stadi wa kazi", ikifurahi mbele zake. Hapo ndipo ulipozuka mgogoro mkubwa. Katika mstari wa 22 Kiebrania kina kitenzi ambacho kwa kawaida maana yake ni kupata au kumiliki, ndicho anachokitumia Hawa katika Mwanzo 4:1 anaposema, "Nimepata mtoto mwanamume." Lakini tafsiri ya kale ya Kigiriki iliandika kwamba Bwana "aliniumba". Arius, kasisi wa Alexandria, aliushika mstari huo: ikiwa Hekima ni Kristo, na Hekima iliumbwa, basi Kristo ni kiumbe, hata kama ni wa kwanza kuliko viumbe vyote. Linalonishangaza ni kwamba wapinzani wake hawakumjibu kwa kusema kwamba Hekima ile si Kristo. Athanasius, aliyekuja kuwa askofu wa Alexandria, alikubali kwamba ndiye, ila akafundisha kwamba kuumbwa kunakotajwa pale kunahusu ubinadamu alioutwaa kwa ajili yetu, wala si asili yake ya milele. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulikuwa umekwisha kulitamka jambo hilo kwa imani ya Kanisa zima: Mwana amezaliwa, hakuumbwa.

Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inasema hivi: "BWANA alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake." Nimeusoma mstari huo mara nyingi kabla ya kugundua kwamba unasomeka kwa namna mbili, kwa maana katika lugha yetu kuwa na kitu na kuwa pamoja nacho hutamkwa kwa maneno yaleyale. Bwana alikuwa na Hekima, ikiwa yake. Tena Bwana alikuwa pamoja na Hekima, kama mtu na mwenzake. Sijui kama watafsiri walikusudia, lakini ni vigumu kuifupisha teolojia hii vizuri zaidi.

Agostino, na baadaye Thomas wa Akwino, walimu wakubwa wa Kanisa, walisisitiza kwamba Mungu hana hekima kama mimi ninavyokuwa nayo leo na kuikosa kesho. Yeye mwenyewe ni hekima yake. Thomas anaongeza kwamba hekima ambayo Roho Mtakatifu humpa mwanadamu hutokana na upendo, hivyo mtu anaweza kuyapambanua mambo ya Mungu kwa kuwa ameungana naye moyoni, hata kama hakusoma sana. Hapo werevu unaachwa nje. (Katika Mwanzo 3 ni nyoka anayeitwa mwerevu, na kwa haki kabisa.)

Lakini Paulo ndiye aliyenirudisha kwa rafiki yangu. Akiwaandikia Wakorintho, waliopenda sana usemaji wa kisomi, anamwita Kristo aliyesulubiwa "nguvu ya Mungu, na hekima ya Mungu." Hasemi kwamba msalaba unaieleza hekima, wala kwamba hekima itatujulisha baadaye kwa nini msalaba ulihitajika, anasema ni yeye, mtu huyo, pale alipo. Waliojenga kanisa kuu la Konstantinopoli (Istanbul ya leo) lililowekwa wakfu mwaka 537 na kuitwa Hagia Sophia, yaani Hekima Takatifu, walimaanisha Kristo, ingawa hadi leo wapo wanaodhani liliitwa kwa jina la mtakatifu mwanamke.

Basi nilirudi kwa rafiki yangu, nikamwomba radhi kwa maneno yale, nikamwambia kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko faraja yangu. Tulisoma pamoja Yohana sura ya 11. Yesu amekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro, rafiki yake aliyekufa, kwa hiyo anajua atakalolifanya. Hata hivyo, anapomwona Mariamu, dada wa Lazaro, na wale waliokuja pamoja naye wakilia, analia machozi. Rafiki yangu aliweka kidole kwenye mstari huo wa 35 akakiacha pale kwa muda mrefu, nami safari hii sikusema neno.